Sauti ya Spoku Iliyolegea

Msikilizaji wangu, leo nimeingia studioni na gurudumu la baiskeli. Nimeliegemeza kwenye meza, karibu na kipaza sauti, na naomba upunguze maongezi hapo ulipo kwa nusu dakika tu, usikilize. Naipiga spoku hii kwa ukucha. Umeisikia? Inalia kama waya wa zeze. Sasa naipiga hii nyingine, ya nne kutoka kwenye vali. Hii haikulia. Imegonga tu, kama kijiti kikavu.

Sauti hizo mbili ndizo nitakazozizungumzia jioni hii.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne, mvua zikiwa karibu kukatika, nilitoka nyumbani na baiskeli yangu, Phoenix ya siku nyingi, nimefunga madebe mawili ya mahindi kwenye keria nikienda mashineni. Nilipita njia ya mkato inayokatiza mashambani, ile ambayo kijiji kizima tunaipita na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa kazi ya kuitunza. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Mbele yangu palikuwa na dimbwi dogo, maji yametulia, mawingu yanaonekana ndani yake. Nililiona. Nikadhani ni maji ya juu juu. Gurudumu la mbele likazama, nikalivuta kwa mikono likatoka. La nyuma, lililokuwa na mahindi na mimi mwenyewe juu yake, likashuka lote na kugonga jiwe la ukingoni. Nikasikia mlio wa chuma. Baada ya hapo kila mzunguko ulikuwa unakwaruza: shwa, shwa, shwa.

Kijana mmoja aliyekuwa anapalilia alinyanyua kichwa, akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ringi imepinda hiyo. Lete tuipigize kwenye lile jiwe inyooke, uwahi mashine."

Alisema kwa moyo mwema, na ninyi mnaonisikiliza mnajua kwamba wengi wetu tumefanya hivyo. Unafungua gurudumu, unalishika kwa mikono miwili, unalipiga jiweni mara tatu, unalirudisha, unaondoka. Au hata jiwe hulitafuti: unalegeza breki isikwaruze, unaendelea na safari na mzigo wako. Nilimshukuru yule kijana, tukashusha mahindi, nikamwomba ayaweke kwake hadi jioni. Baiskeli nikaikokota mpaka kwa fundi, mwendo wa nusu saa. Nusu saa ile ndiyo iliyoiokoa ringi yangu, na ndiyo iliyonifanya nitake kuzungumza nanyi leo.

Maana shimo huipinda ringi mara moja tu. Sisi wenye baiskeli ndio tunaoimaliza, kwa kuipanda ikiwa imepinda.

Kabla hatujafika kwa fundi, tuangalie kwanza ni kitu gani kinachobebwa na ringi hizi hapa mkoani kwetu Singida. Mwezi wa sita na wa saba, alizeti inatoka mashambani Iramba, Mkalama na Ikungi kwenda kwenye vinu vya kukamua mafuta, na gunia la kwanza la mkulima mdogo mara nyingi linafika kwa baiskeli. Kuku wa kienyeji wanaopelekwa Dodoma na Dar es Salaam wamepanda matenga ya baiskeli kabla ya kupanda basi. Asali ya Manyoni na Itigi inatoka porini kwa baiskeli. Vitunguu navyo vivyo hivyo. Na maji: kijana anayefunga madumu manne ya lita 20 amebeba kilo 80, ongeza uzito wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya uzito huo imeegemea gurudumu la nyuma. La mbele linaokolewa na mikono. La nyuma halina wa kuliokoa. Kwa hiyo ninaposema ringi, nasema maji ya nyumba, ada ya shule, na binti anayekwenda sekondari iliyo mbali na kwao. Baiskeli ikilala siku tatu, binti huyo anatembea kwa miguu siku tatu, au hafiki kabisa.

Sasa tulitazame gurudumu lenyewe. Wengi wetu tunaamini spoku zinabeba mzigo kama nguzo zinavyobeba paa. Chukua spoku moja, isimamishe mezani, ikandamize kwa kidole: inapinda palepale. Nguvu ya spoku iko katika kuvuta. Mfano mzuri upo hapa nje ya studio, mlingoti wetu wa antena. Umesimama mrefu namna ile kwa sababu waya zimeuvuta kila upande kwa nguvu zinazolingana. Legeza waya za upande mmoja, mlingoti utainama upande wa pili. Ringi nayo iko hivyo. Katika baiskeli za muundo wa zamani wa Kiingereza, hizi tulizozizoea, Raleigh, Phoenix, Hero, Avon, na Swala yetu iliyotengenezwa hapa hapa nchini, gurudumu la nyuma lina spoku 40, yaani 20 zinavuta kulia na 20 zinavuta kushoto. La mbele lina 32. Ringi imekaa katikati kwa sababu pande mbili hizo zimelingana kwa kuvutana.

Na ukizitazama vizuri utaona hazikunyooka kutoka kwenye kitovu kama miale ya jua. Zimeinama na kupishana. Mpango huo wa kupishana aliusajili Mwingereza James Starley, wa mji wa Coventry, mwaka 1874. Ukikanyaga pedali kwa nguvu kupanda mlima, spoku zilizoinama ndizo zinazovuta ringi izunguke. Miaka kumi na minne baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa anaishi Belfast, alileta tairi la upepo. Tangu hapo gurudumu limekuwa na walinzi wawili: upepo unaopokea pigo kwanza, na spoku zinazoligawa pigo lisitue mahali pamoja. Ndugu zetu wa Goma, kule Kongo, wana chukudu, chombo cha mbao kinachobeba magunia mengi kuliko baiskeli yoyote, na magurudumu yake ni ya mbao yaliyovishwa mpira, hayana spoku hata moja. Hayapindi, lakini ni mazito, na mpandaji hulazimika kukisukuma chombo kwa mguu. Wepesi wa baiskeli yetu umetokana na nyaya hizi nyembamba, kwa hiyo ni haki tuzitunze.

Pigo la shimo linafanya nini? Linaisukuma ringi kwenda ndani, kuelekea kitovu. Spoku za mahali pale zinalegea ghafla. Zisizolegea zinavuta peke yake, na ringi inainama upande wao. Ndiyo ile shwa, shwa. Sasa ukipanda na kuendelea, spoku iliyolegea inakunjika na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Gurudumu la inchi 28 linazunguka karibu mara 4,500 katika kilomita kumi. Chukua waya wowote, ukunje na kuukunjua, uone utastahimili mara ngapi. Spoku hukatika kwenye kiwiko chake, pale inapoingia kwenye kitovu. Ikikatika moja, jirani zake zinabeba kazi yake, nazo zinafuata. Mtu anafika nyumbani na spoku sita zimekatika, ringi imejikunja kama namba nane, analaumu shimo. Shimo lilimwachia kazi ya fundi ya saa moja na nusu. Iliyobaki ameifanya mwenyewe njiani.

Twende kwa fundi. Anakaa chini ya mwarobaini, na vifaa vyake vyote vinaenea kwenye gunia moja: spana ya spoku, koleo, nyundo, tupa, pampu, makopo ya solesheni, na kipande cha mbao ya mninga kilicholainika kwa kushikwa. Alianza kwa kitu ambacho sikukitegemea. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji. Mapovu yakatoka mahali pawili, matundu mawili yamekaa sambamba.

"Mwiba wa mgunga unatoboa tundu moja," akaniambia. "Ukiona mawili hivi, ujue tairi lilibanwa kati ya jiwe na ringi. Upepo wako ulikuwa mdogo, mzee."

Alisema kweli. Sikuwa nimepampu tangu juma lililopita.

Baada ya hapo akapindua baiskeli miguu juu, akalirudisha gurudumu bila tairi, akashika kipande cha chaki kwenye fremu, karibu kabisa na ringi, akalizungusha taratibu. Pale ringi ilipoinama, chaki iliandika. Ndipo akaanza kuzipiga spoku kwa ukucha, moja moja, kichwa amekiinamisha, kama nilivyowapigia ninyi mwanzoni. Iliyokaza inalia, iliyolegea inagonga. Katika muda mfupi alikuwa amezijua zote.

Na hapa nataka wale vijana mnaotaka kujifunza kazi hii mnisikilize vizuri. Fundi alilegeza kabla ya kukaza. Ringi ilikuwa imeinama kushoto. Akalegeza kidogo spoku za kushoto za mahali pale, ndipo akakaza za kulia. Robo mzunguko kila nati, haikuzidi hapo. Anazungusha, anatazama chaki, anarudi tena. Fundi asiye na subira hukaza tu upande mmoja mpaka ringi inarudi katikati, mteja anafurahi, analipa, na baada ya juma moja spoku iliyokazwa kupita kiasi inang'oka na kipande cha ringi.

Palikuwa pia na bonde, yaani mahali ringi ilipobonyea kwenda ndani. Hilo halitoki kwa spana peke yake. Alilegeza spoku zote za mahali pale, akaweka ile mbao ya mninga upande wa ndani wa ringi, unaotazama kitovu, akagonga kwa nyundo kuelekea nje, taratibu, akipima kwa jicho baada ya kila pigo. Mdomo wa ringi, ule unaoshika tairi, akaunyoosha kwa koleo. Mdomo ukiachwa umefunguka, tairi litachomoka siku moja ukiwa kwenye mteremko, na sisi wa Singida tunaujua mteremko wa Sekenke.

Alipomaliza akalitoa gurudumu, akalilaza, akalikandamiza kwa viganja pande zote. Spoku zikalia tik, tik, zikikaa mahali pake. Akalirudisha, akaliangalia tena kwa chaki, akasahihisha tena mbili tatu. Akakata kwa tupa ncha za spoku zilizochomoza, akazifunika nati kwa ukanda wa tyubu kuukuu ili zisitoboe mpira. Saa moja na nusu. Alinidai fedha isiyofika bei ya kilo moja ya sukari. Nilimwongezea, na ninasema hadharani: tunawapunja watu hawa. Ringi mpya ingenigharimu jogoo mmoja na tetea. Aliyeniokolea jogoo na tetea, kwa masikio yake na vidole vyake, alistahili zaidi ya nilichompa.

Gurudumu hili lililopo mezani hapa si langu. Alinipa yeye fundi kutoka kwenye rundo lake la vyuma chakavu. Mwenye gurudumu alilipigiza jiweni akapanda siku nne. Tazameni, nyie hamuoni lakini nitawaeleza: kwenye tundu la spoku hii ya nne kuna ufa unaoenea hadi tundu linalofuata. Ringi yenye ufa hainyooshwi. Wala ile ambayo kiungo chake kimeachia, wala ile ambayo kutu imeula mdomo wake mpaka unakatika kwa koleo. Hapo nunua mpya, na kabla ya kwenda dukani hesabu matundu na usome kipimo kwenye tairi, 28 au 26. Watu wengi wamefunga safari ya mjini wakarudi na ringi ya matundu 32 kwa kitovu cha 40.

Na wenye zile baiskeli za mtumba kutoka Japani, zenye ringi za aluminiamu, nawaomba mzitofautishe na hizi za chuma. Chuma hupinda na kukubali kurudi. Aluminiamu nayo hunyooka kwa spana ikiwa imeinama kidogo, lakini ikishabonyea sana na ukaigonga kwa nyundo, hupasuka. Ina sifa yake nzuri, breki hushika vizuri zaidi wakati wa mvua kuliko kwenye chuma chenye maji. Lakini nyundo haiipendi.

Nimeulizwa, je, ukiharibikiwa porini, huko Wembere au njia ya Itigi, hakuna fundi wala kijiji? Shusha mzigo. Ikiwa gurudumu halipiti kabisa kwenye fremu, lilaze chini mahali tambarare, kandamiza kwa mikono sehemu zilizonyanyuka mpaka lizunguke. Usiligonge. Spoku iliyokatika izungushe kwenye jirani yake isichome cheni. Halafu kokota. Mzigo uache kwa mtu, au uufuate baadaye. Najua si rahisi kumwambia mama mwenye madumu manne aache maji njiani. Basi na abaki na mawili, na ayafunge chini, pande zote mbili sawasawa.

Kinga ni upepo. Kabla ya kufunga mzigo, bonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Likibonyea kwa urahisi, pampu. Na ukilazimika kuvuka shimo, achia breki kabla hujaingia, nyanyuka kwenye tandiko, simama kwenye pedali magoti yakiwa yamelegea, ili uzito wako usiende wote kwa pigo moja kwenye ringi. Madimbwi usiyaamini. Wakati wa kiangazi usiliamini vumbi laini lililojaa kwenye kishimo, maana linaficha jiwe vilevile kama maji yanavyolificha. Na katika barabara kuu, ile inayotoka Manyoni kupitia Ikungi na Singida mjini kwenda Igunga na Nzega, malori ya masafa yanapotupita tunajisogeza pembeni. Pale ukingo wa lami unapokutana na udongo palipoliwa na maji, pamevunja ringi nyingi kama mashimo yenyewe. Ukisikia lori nyuma, shuka mapema, taratibu, mahali unapopaona.

Kuna wanaosema mwenye baiskeli hana haki ya kulalamikia barabara kwa kuwa hanunui mafuta, na fedha za barabara zinatoka kwenye tozo ya mafuta. Siikubali hoja hiyo. Barabara za vijijini na mijini ziliwekwa chini ya wakala wake, TARURA, mwaka 2017, na mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili yake. Chumvi, sabuni na bati tunavyonunua vimekuja kwa lori lililolipa shilingi hizo, na mwenye lori ameziweka kwenye bei. Kila mwenye baiskeli amelipa. Shimo lililo kwenye barabara ya serikali liripotini kwa mtendaji wa kijiji, mtaje mahali, mti gani, karibu na nyumba ya nani.

Lakini njia zetu za mkato ni zetu. Shimo lililopinda ringi yangu liko kwenye njia yetu, na mimi nilikuwa nimeipita njia hiyo mwaka mzima bila kuitunza. Msaragambo wa asubuhi moja unalitosha, mradi lifukiwe inavyopaswa. Maji yakombwe kwanza. Kingo zichongwe mpaka kwenye udongo mgumu. Lijazwe changarawe kidogo kidogo, kila tabaka lishindiliwe, na juu pabaki pameinuka kidogo kwa kuwa patashuka. Msitupie matawi wala mawe ya mviringo, hayo yanaumiza ringi kuliko shimo tupu. Na mtaro uchimbwe, kwa sababu maji yakibaki na njia yake ya zamani, shimo litarudi kabla ya Krismasi.

Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kitongoji. Ninyi wa kijijini kwetu mnaonisikia, tunakutana Jumamosi saa moja asubuhi, pale njia inapoachana na shamba la mihogo. Jembe na sururu tunazo. Tunahitaji mikokoteni miwili ya kuletea changarawe, na mtu mwenye mtwangio mzito wa kinu kikuukuu tutakaoshindilia nao.